Takwimu za mchezaji wa kikapu timu ikishinda na ikifungwa: zinatueleza nini?

Mwanzisha uzi ameuliza kama kocha wa timu yao ana haki ya kumweka benchi mlinzi anayeongoza mashambulizi, kwa sababu asisti zake (pasi zinazozaa kikapu) huwa nyingi timu inaposhinda na hupungua karibu nusu inapofungwa. Kocha analichukulia jambo hilo kuwa ushahidi kwamba kijana hupotea mechi zinapokuwa ngumu. Nimetunza takwimu za klabu moja ya kikapu hapa Dar es Salaam kwa misimu kadhaa, na kwa maoni yangu hoja hiyo haisimami mpaka ijulikane asisti hizo zimepungua kwa njia gani.

Asisti haiandikwi kwa kuwa pasi ilikuwa nzuri, bali kwa kuwa aliyepewa mpira amefunga. Timu hushinda siku ambayo mitupo yake inaingia, na mitupo ikiingia asisti huongezeka zenyewe, kwa hiyo anayesema kwamba asisti ndizo zilizoleta ushindi amehesabu kitu kimoja mara mbili. Ndiyo maana katika daftari langu niliongeza safu ya pasi zote zilizomfikia mwenzake akiwa wazi na akatupa papo hapo, mpira uingie usiingie. Kwa mlinzi wetu, safu hiyo haikubadilika sana kati ya mechi tulizoshinda na tulizofungwa, ingawa safu ya asisti ilibadilika mno. Jioni moja kwenye uwanja wa Donbosco Upanga alimpa mwenzake wa kona ya kushoto mipira mitatu mfululizo, hakuna beki karibu naye, na yote mitatu ikagonga ringi ikatoka. Karatasi ya mechi haikumwandikia chochote. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, nayo huzihesabu pasi za namna hiyo, kazi iliyorahisishwa na kamera za kufuatilia wachezaji zilizofungwa katika viwanja vyake vyote msimu wa 2013/14.

Mfano unaotajwa sana ni Russell Westbrook wa Oklahoma City Thunder msimu wa 2016/17. Alifikisha tarakimu mbili katika pointi, ribaundi (mipira inayookotwa baada ya mtupo kukosa) na asisti kwa pamoja katika mechi 42, na timu yake ikashinda 33 kati ya hizo. Katika mechi nyingine 40 za msimu huo ilishinda 14 tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na sisemi kwamba mchango wake ulikuwa mdogo, kwani alistahili kuitwa mchezaji bora wa msimu. Hata hivyo, asisti ya kumi ilihitaji mwenzake afunge, na ribaundi nyingi za ulinzi zilihitaji wapinzani wakose, na mambo hayo mawili ni sehemu ya ushindi wenyewe tangu mwanzo.

Ribaundi za ulinzi na za ushambuliaji zinapaswa kutenganishwa kabisa. Wapinzani wanapofunga kila wanachotupa, hakuna mpira wa kuokota chini ya kikapu chenu, hivyo ribaundi za ulinzi hushuka mnapofungwa hata kama mchezaji wa kati amepambana vilevile. Za ushambuliaji huweza kupanda, kwa kuwa ninyi ndio mnaokosa.

Pointi hudanganya zaidi. Januari 22, 2006, Kobe Bryant alifunga pointi 81 dhidi ya Toronto Raptors, 55 kati yake kipindi cha pili, na timu yake ya Lakers iliyokuwa nyuma kwa pointi 18 ikashinda 122 kwa 104. Machi 2017 Devin Booker alifunga 70 mjini Boston na timu yake ya Phoenix Suns ikafungwa 130 kwa 120, huku dakika za mwisho ikifanya faulo kwa makusudi kusimamisha saa ili apate mipira zaidi. Kuna pia upande wa pili: timu inayoongoza kwa pointi chache hufanyiwa faulo mwishoni, na anayeshika mpira hujiongezea mitupo huru mechi ikiwa imekaribia kuamuliwa. Ushindi mkubwa nao huwapumzisha wachezaji wanaoanza mechi kwa robo ya nne nzima, wakabaki na takwimu ndogo kuliko uwezo wao.

Kwa hiyo ningemshauri kocha aweke kando mechi zilizoisha kwa tofauti kubwa, kisha azilinganishe zilizobaki kwa kila dakika aliyocheza kijana, dhidi ya wapinzani wa kiwango kinachokaribiana. Aangalie zaidi mipira anayoipoteza mwenyewe, kwa sababu hiyo haitegemei sana kama mwenzake alifunga au alikosa. Ikiwa anapoteza mipira mingi zaidi kila anapobanwa uwanja mzima, kocha ana hoja, na dawa yake ni kumsaidia kwa mchezaji wa pili wa kupandisha mpira. Ikiwa mipira inayopotea ni ileile na pasi za wazi ni zilezile, mazoezi ya wiki hii wapewe wapigaji wa kona, na kijana aanze mechi ijayo.