Je, damu iliyo ndani ya mishipa ni ya bluu?

SWALI: Nilipotolewa damu ya vipimo niliona imekoza mno, inakaribia weusi. Ndugu yangu mmoja ananieleza kwamba damu inayorudi moyoni ni ya bluu na hugeuka nyekundu pale tu inapogusana na hewa, na ndiyo maana mishipa ya mikononi huonekana ya bluu. Mwingine anasema weusi ule ni dalili kuwa damu yangu ni chafu. Yupi kati yao yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili wamekosea, ingawa wa kwanza ana hoja inayostahili kujibiwa kwa kirefu.

Dai la hewa linakanushwa na kile ulichokiona mwenyewe. Damu ya vipimo kwa kawaida hutolewa kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ikapita ndani ya sindano na kuingia katika kichupa kilichofungwa, ambacho kiwandani huondolewa sehemu kubwa ya hewa ili kiweze kuivuta damu. Damu hiyo haikupata nafasi ya kukutana na hewa ya kutosha kuibadilisha, na bado ulichokiona kilikuwa wekundu uliokoza. Bluu haikuonekana katika hatua yoyote.

Rangi hiyo hutokana na hemoglobini, protini iliyojaa ndani ya chembe nyekundu. Kila molekuli yake ina pete nne za porfirini (kiungo cha kikemikali chenye umbo la pete), na kila pete imeshika atomu moja ya chuma katikati. Pete na chuma kwa pamoja hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa bluu na wa kijani na kuuacha mwekundu, kwa hiyo wanaosema kwamba damu ni nyekundu kwa sababu ya kutu nao hawajapatia. Oksijeni inaposhikamana na chuma hicho, mpangilio wa elektroni hubadilika na damu ikawa nyekundu ang'avu. Oksijeni inapoachia, hemoglobini hufyonza zaidi hata mwanga mwekundu, na damu hukoza. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hutegemea tofauti hiyohiyo, kwa kulinganisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na ule wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Tena damu ya vena haijaishiwa oksijeni: kwa mtu mwenye afya aliyepumzika, hemoglobini inayorudi moyoni bado imejaa oksijeni kwa takriban asilimia 75, ilhali katika ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, huwa asilimia 95 hadi 100.

Kwa nini basi mishipa huonekana ya bluu? Mwanga unapoangukia ngozi, ule wa bluu hupenya kidogo tu kabla ya kutawanywa na kurudi nje, lakini mwekundu hupenya ndani zaidi, ukaifikia vena na kufyonzwa na damu iliyomo. Eneo lililo juu ya vena hurudisha wekundu pungufu kuliko ngozi inayolizunguka, nao ubongo, ambao huamua rangi kwa kulinganisha, huusoma upungufu huo kama bluu. Michoro ya vitabuni, ambayo kwa mazoea tu hupaka vena rangi ya bluu na ateri nyekundu, imelitia nguvu kosa hili kuliko kitu kingine chochote, kwa maoni yangu. Damu ya bluu ipo kweli, lakini ni ya viumbe kama pweza, ambao husafirisha oksijeni kwa hemosianini, protini yenye shaba.

Kuhusu uchafu, ukozaji wa damu ya vena hueleza kiasi cha oksijeni iliyoachiwa tishu, basi. Taka ambazo figo huziondoa, kama vile urea na kreatinini, hazina rangi, na haiwezekani kuzitambua kwa kuitazama damu.

Ipo hali ambayo rangi humshtua mtaalamu wa maabara: damu ya kahawia, mithili ya chokoleti, ambayo haing'ai hata ikipitishiwa oksijeni. Hiyo ni ishara ya methemoglobini, ambapo chuma kimepoteza elektroni moja na hakiwezi tena kubeba oksijeni. Huweza kusababishwa na nitriti au baadhi ya dawa. Kinyume chake, sumu ya kaboni monoksidi huifanya damu iwe nyekundu ya kupendeza huku tishu zikikosa oksijeni, na kifaa cha kidoleni huweza kuonyesha kiwango cha kawaida kwa mgonjwa aliye hatarini, kwa sababu hakitofautishi hemoglobini iliyoshika gesi hiyo na ile iliyoshika oksijeni. Mgonjwa wa namna hiyo hupimwa kwa mashine ya maabara inayotumia mawimbi mengi zaidi ya mwanga. Kwa upande wako, wekundu uliokoza ndio hasa unaotarajiwa katika damu ya vena, na hakuna kipimo cha ziada kinachohitajika kwa sababu hiyo pekee.