Ukivutwa na Imani ya Wayahudi, Kaa Kama Mgeni Mwenye Adabu

Kama wewe ni Mkristo na moyo wako unavutwa na namna Wayahudi wanavyoomba, wanavyotunza Sabato na wanavyosoma Maandiko, usiogope, hujapotea. Yesu alitahiriwa siku ya 8, na Luka 4:16 inatuambia aliingia sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Mimi ni Mmoraviani, mzaliwa wa Rungwe, naishi Uyole hapa Mbeya, na mvuto huo ninao kwa miaka mingi. Ninachokuomba ni kimoja: penda, jifunze, lakini kumbuka uko nyumbani kwa watu.

Mimi nilianza kuvutwa kupitia msiba. Kwetu ukifiwa, haijapita nusu siku turubai limeshafungwa, uwanja umejaa, na mfiwa mwenyewe anaulizwa mchele uko wapi, kuni zimeisha, wageni wa Tukuyu watalala wapi. Alipofariki baba mkwe wangu, mama mkwe alikuwa akinyanyuka kwenye mkeka kila mara kwenda kuonyesha sufuria zilipo. Watu wetu wana upendo, wanachanga, wanalala msibani kwenye baridi ya Julai, na hilo nalishukuru. Ila niliposoma jinsi Wayahudi wanavyoomboleza, niliguswa sana. Wao wana siku 7 zinazoitwa shiva. Wafiwa wa karibu wanakaa nyumbani kwenye viti vifupi, na kulisha watu si kazi yao. Mlo wa kwanza baada ya maziko huletwa na majirani, na desturi ni mayai ya kuchemsha na mkate. Anayekuja kutoa pole hukaa kimya mpaka mfiwa aanze kuongea, kama marafiki wa Ayubu walivyokaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno (Ayubu 2:13). Zikiisha siku hizo, maombolezo yanaendelea kwa kiwango kidogo hadi siku ya 30. Aliyefiwa na mzazi husema sala ya Kaddish kwa miezi 11. Ndani ya sala hiyo kifo hakitajwi hata mara moja, ni kumtukuza Mungu tu.

Nilipeleka jambo hilo kwa akina mama wa ushirika wetu, wakalizungumza, wakalipokea. Siku hizi mtu akifiwa, wawili wao wanashika funguo za stoo na jiko tangu saa ya kwanza, na hakuna ruhusa ya kumuuliza mfiwa habari ya chumvi. Hatujaliita shiva. Ni msiba wetu wa Kikristo uliojifunza kitu kutoka kwa ndugu wakubwa.

Na Sabato je? Kwa Wayahudi inaingia Ijumaa jua linapozama, na mishumaa huwashwa kabla, wengi wakifuata desturi ya dakika 18. Inatoka Jumamosi usiku nyota 3 zikionekana. Sisi nyumbani hatukuichukua siku yao. Tumeamua Jumapili yetu ianze Jumamosi jioni, na majirani wakiniuliza kama nimekuwa Msabato nawaambia hapana. Duka la pembejeo nalifunga mapema. Ikifika saa kumi na mbili na nusu chakula kiko tayari, sare za shule zimepigwa pasi, simu zimeingia kabatini. Kisha naweka mikono juu ya kichwa cha kila mtoto, mmoja mmoja. Wazazi wa Kiyahudi huwaombea wana wao wawe kama Efraimu na Manase, mabinti wawe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea, halafu wanasema maneno ya Hesabu 6:24-26: "BWANA akubarikie, na kukulinda." Maneno hayo mchungaji wetu hutubariki nayo kanisani. Kijana wangu mkubwa, ambaye sasa ana ndevu, bado anainama apate mkono.

Sasa yale ninayokusihi uyaache. Pembe za kondoo, vitambaa vya maombi na chupa za mafuta "kutoka Israeli" zinauzwa kwenye mikutano kwa ahadi za kufunguliwa milango. Kitambaa kile, tallit, kina vishada pembeni kwa sababu ya Hesabu 15:38-39, ili Mwisraeli akivitazama akumbuke amri za Mungu. Si dawa ya biashara iliyokwama. Pasaka ya Kiyahudi vilevile usiigize kanisani. Utaratibu wa meza wanaoutumia leo umejengwa na marabi baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, kwa hiyo hata ukiufuata hatua kwa hatua hutakuwa umerudia karamu ya Bwana Yesu na wanafunzi wake. Na Kutoka 12:48 inasema wazi nani asiyeruhusiwa kula Pasaka. Ukialikwa na familia ya Kiyahudi, nenda kwa furaha. Usipoalikwa, tunayo meza ya Bwana.

Soma pia historia yetu, hata kama inauma. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ya chuki ya kutisha. Kanisa Katoliki lilisubiri hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, kutamka rasmi kwamba Wayahudi wote wasibebeshwe lawama ya kifo cha Kristo. Anayependa Zaburi halafu akakaa kimya mtu akiwatukana waliozitunza, upendo wake haujakomaa.

Huenda wewe unafikiria kuhama kabisa. Jua kwamba Uyahudi haukutafuti. Unafundisha kuwa mataifa, yaani wasio Wayahudi, yana amri 7 za Nuhu na hizo zinawatosha, na kwa desturi rabi humkatisha tamaa kwanza anayeomba kuingia. Baadaye kuna masomo ya muda mrefu, baraza la watu 3, kuzamishwa majini, na tohara kwa mwanamume. Pia utamwacha Kristo kama Bwana, jambo ambalo mimi siliwezi. Wapo Waafrika waliochukua njia hiyo kwa moyo wote: Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919 na wakadumu hata Idi Amin alipowapiga marufuku. Ukitaka kujua Uyahudi unaoishi, sikiliza watu kama hao kuliko wahubiri wa mtandaoni.

Kwa kuanza, Biblia yako ya Kiswahili inatosha. Torati imegawanywa sehemu 54, husomwa kwa mwaka mzima, na mzunguko unaanza upya baada ya Sikukuu ya Vibanda, kati ya Septemba na Oktoba. Sehemu ya kwanza ni Mwanzo 1:1 hadi 6:8. Isomeni kwa sauti nyumbani, na kila mmoja alete swali, kwa kuwa kwao kuuliza ni ibada. Binti yangu aliuliza nuru ya siku ya kwanza ilitoka wapi ikiwa jua liliumbwa siku ya 4. Marabi waliliuliza hilohilo zamani, na wengine wakajibu kwamba ile ilikuwa nuru ya pekee, Mungu akaificha kwa ajili ya wenye haki.