Maji Yapitayo Jangwani: Maswali Yenu Kuhusu Picha za Makorongo

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watu wanaojiandaa kwenda Utah na Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, kulala kwenye mahema na kupiga picha mito inayopita katikati ya majabali mekundu. La mwisho nimelijibu kwa urefu. Tafadhali lisomeni hata kama kamera yenu bado iko dukani.

Mwalimu, shikamoo. Kila nikipiga maporomoko, maji yanatoka kama moshi, hayana umbo. Nakosea wapi?

Marahaba. Shata yako, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, inakaa wazi muda mrefu mno. Wengi wamefundishwa kwamba muda ukiwa mrefu zaidi picha inapendeza zaidi, nami sikubaliani nao kabisa. Maji yana mwili: yana nyuzi, mikunjo, mahali yanapogonga jiwe na kugeuka. Ukizidisha muda, vyote hivyo vinafutika.

Anza na nusu sekunde. Mkondo wenye kasi ulio karibu nawe hutosheka na robo sekunde. Kijito kinachojikokota huweza kuhitaji sekunde moja au mbili. Piga zote, kisha zikuze kwenye kioo cha kamera uone ni ipi ambayo bado unaweza kuufuata uzi wa maji kwa jicho. Pale Lower Calf Creek, Utah, maji hushuka kama mita 38 yakiambaa kwenye ukuta wenye michirizi ya rangi. Ukiacha shata wazi sekunde kumi, unarudi nyumbani na picha ya shuka jeupe lililoanikwa.

Tazama pia weupe wa povu. Ukiungua kwa mwanga kupita kiasi, hakuna programu itakayourudisha. Ni afadhali miamba iwe na giza kidogo.

Nina pesa ya filta moja tu. Ninunue ya giza au ya kuondoa mng'ao?

Polaraiza, yaani hiyo ya kuondoa mng'ao. Inatoa ule weupe unaoelea juu ya mawe yaliyolowa, rangi yake halisi ikajitokeza, na kwa kuwa inapunguza mwanga kidogo, shata nayo inapata nafasi ya kukaa wazi zaidi. Ukiwa kivulini, asubuhi na mapema, mara nyingi hutahitaji nyingine.

Ukipata pesa baadaye, chukua filta ya giza ya stopu sita. Kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu, hivyo hiyo hupunguza mwanga mara 64: palipotaka 1/125 ya sekunde, sasa panataka nusu sekunde. Ya stopu kumi ingekupeleka kwenye sekunde nane, na kuhusu muda mrefu hivyo nimeshasema.

Nimeona picha ambayo mto una dhahabu upande mmoja na bluu upande wa pili. Ni kweli au ni kompyuta?

Ni kweli, na kwangu hakuna kizuri kuliko hicho katika nchi ile yote. Jua linapopiga ukuta wa juu wa korongo huku chini kukiwa bado kivulini, ukuta ule unawaka rangi ya chungwa, na maji yanaibeba rangi hiyo kama kioo. Pale ambapo maji yanaakisi anga, yanakuwa bluu. Utaviona vyote viwili katika mto Virgin, kwenye korongo jembamba la Narrows ndani ya hifadhi ya Zion, Utah.

Ishushe kamera mpaka iwe karibu na maji, kisha sogea kushoto na kulia taratibu. Hatua moja inaweza kuileta dhahabu au kuiondoa. Mizani ya rangi iweke kwenye mwanga wa jua, maana ukiiachia kamera ijichagulie, itadhani uchungwa ule ni kosa na kuusafisha. Hapa polaraiza nayo inataka uangalifu, kwa sababu ukiizungusha mpaka mwisho inaweza kuufuta mng'ao uleule ulioufuata. Izungushe ukiwa unachungulia, na usimame pale rangi inapokolea.

Mchanga unaingia kila mahali. Na tripodi ikiwa majini inatetemeka.

Lenzi usiibadilishe nje kukiwa na upepo. Ingia hemani, funga zipu, kamera itazame chini. Vumbi lipulize kwanza kwa pampu ya mkono, kitambaa baadaye, la sivyo unakwangua kioo kwa mchanga. Tripodi ikandamize hadi miguu ifike kwenye kitako kigumu, usirefushe sehemu zile nyembamba za chini, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Ukifika kambini, vuta miguu yote na uisuuze kwa maji masafi.

Maporomoko ya Havasu, kule Arizona, naweza kwenda na kurudi siku moja?

Hapana. Ile ni ardhi ya Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na hawaruhusu matembezi ya siku moja. Unahitaji kibali chao cha kulala, na kambi iko takriban kilomita 16 kutoka njia inapoanzia. Droni iache nyumbani, imekatazwa.

Kaka, tunataka kupiga hema chini kabisa ya korongo jembamba, hatua chache kutoka majini, tuamkie kwenye mwanga. Anga ni safi. Kuna ubaya?

Msifanye hivyo, nawasihi. Anga mnayoiona kutoka chini ya korongo ni ukanda mwembamba tu, na mvua inayoua hunyesha kwingine. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa Lower Antelope Canyon, karibu na mji wa Page, Arizona, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali upande wa juu. Septemba 2015, watu saba walikufa katika korongo la Keyhole, hukohuko Zion. Mwamba mtupu haunywi maji. Yote yanateremka, yanakutana kwenye mfereji mmoja, na kadiri korongo linavyobana ndivyo yanavyopanda.

Miezi ya hatari zaidi ni Julai hadi Septemba, majira ya mvua za radi. Ulizeni hali ya hewa ya bonde lote la juu, si ya mahali mlipo tu, na muwaulize askari wa hifadhi asubuhi ileile mnayoingia. Mkiwa ndani, maji yakibadilika kuwa tope, vijiti na majani yakaanza kuelea, au mkasikia mngurumo, pandeni juu papo hapo. Kamera iacheni ilipo. Mimi niliwahi kukunja vifaa katikati ya mwanga bora kuliko wowote niliowahi kuupata, kwa sababu wingu jeusi lilisimama upande wa juu. Mafuriko hayakuja, na sijutii hata kidogo.

Hema pigeni mahali palipoinuka, angalau mita 60 kutoka majini, na kama hifadhi ina kambi zilizotengwa, laleni hizo. Kabla ya kushusha mizigo, tazameni kuta. Mkiona gogo limebanwa kwenye ufa juu ya vichwa vyenu, jueni ni maji yaliyolipandisha pale.