Barua kwa mwanangu: mikono inakumbuka, moyo bado

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Unasema daktari wa huko Kampala amekutaka ufanye mazoezi kwa ajili ya presha, ukachagua kuogelea kwa kuwa ndicho kitu ulichokijua tangu utotoni. Ukaingia bwawani baada ya miaka mingi, na kabla hujafika nusu pumzi ikakata, ukang'ang'ania ukingo. Unauliza mbona mwili haujasahau kuogelea lakini hauwezi tena, na kwa nini usije tu huku Jinja uogelee ziwani bure.

La ziwa nilimalize kwanza. Usiingie. Konokono wa kwenye majani ya ufukweni hutoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi isiyo na hata kidonda kwa dakika chache tu. Wewe likizo zako zilikuwa Mombasa, ukisikia kichocho unafikiria kukojoa damu. Hicho ni cha pwani. Cha ziwa hili hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kuumiza ini, na mtu anaweza kuishi nacho miaka bila kujijua. Dawa ipo, praziquantel, lakini ukinywa leo na kesho ukarudi majini, unaambukizwa upya. Lipia bwawa.

Sasa huo mwili wako. Mkono ukishajua kukata maji hausahau. Kinachopotea ni mazoea ya moyo na misuli, tena huanza kupotea ndani ya wiki chache za kukaa bure. Miaka yote niliyolinda bwawa la hoteli, waliokuwa wakinitia wasiwasi zaidi hawakuwa wanafunzi. Mwanafunzi anaogopa, anakwenda taratibu. Ni hawa waliorudi: wanajua, kwa hiyo mkono wa kwanza tu unaondoka na kasi ya ujana, na moyo wa leo unaachwa nyuma. Ndicho kilichokupata.

Halafu kuna chumvi. Ulijifunzia Likoni kwa bibi yako, baharini. Maji ya chumvi ni mazito kuliko haya, yanambeba mtu. Ya bwawa hayana ukarimu huo. Miguu inazama, unaipiga kwa nguvu ili uinyanyue, na miguu inakula pumzi kuliko mikono. Usiipige zaidi. Tazama sakafu ya bwawa badala ya kutazama mbele. Kichwa kikishuka, kiuno kinapanda chenyewe. Na hilo vazi lako la kujifunika, kama ni la pamba au limepwaya, linakunywa maji na kukuvuta chini. Tafuta la nailoni linaloshika mwili kidogo. Stara inabaki palepale.

Pumzi nayo. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani hewa unaivuta vizuri, ila huitoi. Uso ukiwa majini unabana, kisha ukigeuka unataka kutoa na kuvuta kwa wakati ule mmoja mfupi. Haiwezekani. Hewa chafu inarundikana kifuani, na kwa kawaida ni hiyo hewa chafu inayomfanya mtu ahisi anakata roho, hata kabla hewa safi haijamwishia. Toa polepole, puani na mdomoni, viputo visikatike, ili ukigeuka kazi iwe moja tu ya kuvuta. Jizoeze umesimama, maji yakiwa kifuani, umeshika ukingo: zamisha uso, toa, geuka, vuta. Fanya hivyo siku za mwanzo hata kama unaona ni mchezo wa watoto. Hao watoto unaosema wanakupita bwawani, waache wapite. Wamekulia enzi za akina Husnah Kukundakwe, binti aliyeiwakilisha Uganda kwenye Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 14. Wewe umetumwa na daktari.

Ila ule mchezo wenu wa zamani wa kuhema harakaharaka kisha kushindana nani atakaa chini ya maji zaidi, nakukataza kabisa, wewe na watoto wako. Mtu anazimia humo bila dalili yoyote, hata pale maji yanapomfika kiunoni tu.

Ukianza kuogelea, nenda urefu mmoja, mita 25, polepole hadi uone aibu. Simama. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, nenda mwingine. Sikupi kipimo cha kuhesabu mapigo ya moyo kwa sababu baadhi ya dawa za presha huyapunguza, na utadanganyika; mwulize daktari kama yako ni mojawapo. Ukichoka katikati lala chali, piga miguu kidogo, utafika. Robo saa yatosha kwa sasa, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Zile dakika 150 kwa wiki wanazozitaja Shirika la Afya Duniani utazifikia tu, usizikimbilie.

Ukitoka, panda ngazi taratibu. Maji yalikuwa yanabana miguu na kusukuma damu kuelekea kifuani. Ukitoka ghafla damu inateremka miguuni na kichwa kinazunguka, hasa kwa mtu wa dawa za presha. Nimewadaka wengi pale juu ya ngazi, wengine wanaume wazima waliokuwa wakijisifu dakika moja kabla.

Mama yako anasema ulowanishe nywele kwa maji ya bomba kabla ya kuvaa kofia, zishibe maji safi zisinywe klorini. Nami naongeza: bwawa linalonuka klorini kali usilisifie usafi. Harufu ile inakuja klorini ikikutana na jasho na mkojo wa watu. Oga kabla ya kuingia, na wenzio waoge.

Kuhusu bega la kushoto, sikupendezwa ulivyolitaja kwa mkato mwishoni mwa ujumbe. Mkono wako ukiingia majini unavuka mbele ya pua? Ulikuwa na tabia hiyo tangu Likoni. Uingize usawa wa bega lake, kiganja kikitazama chini, kidole gumba kisitangulie. Misuli itapata nguvu mapema lakini kano za bega huchelewa, kwa hiyo hata ukijisikia vizuri usiongeze mizunguko kwa pupa. Nijibu hili kabla hujarudi bwawani: linauma ukiwa unaogelea, au usiku ukililalia? Kama ni la usiku, pumzisha mkono huo na umwone daktari kwanza.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako, Jinja