Mtoto njiti: je, vichujio vya figo huongezeka baada ya kuzaliwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwezi uliopita nilijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na kilo moja na gramu mia tatu. Wodini nesi alisema figo zake hazijakomaa. Je, bado zinatengenezwa au ndiyo zimeishia hapo? Mama mkwe anasema nimpe maji ya uvuguvugu ili figo zizoee kazi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumfikisha njiti wako hapo. Figo zake bado zinatengenezwa, ila muda uliobaki ni mfupi. Maji usimpe, nitakueleza kwa nini.

Figo si chujio moja kama la chai. Kila figo ina vichujio vidogo mno viitwavyo nefroni, wastani wa milioni moja, ingawa wapo watu wenye laki mbili tu na wengine wanapita milioni mbili. Hesabu hiyo hupangwa tumboni.

Takriban wiki tano tangu mimba kutungwa, kichipukizi kimoja hupenya kwenye tishu laini iliyo jirani yake. Tishu hiyo hutoa protini inayokiita. Nacho kikifika, huzipa seli za pale ishara ya kubaki hai na kuanza kazi. Mmoja akinyamaza, figo haiumbiki, na ndiyo maana wapo watu wenye figo moja wasiojua mpaka siku wapigwe ultrasaundi. Kichipukizi kinagawanyika matawi mawili, nayo yanagawanyika tena, na tena, kama mwembe.

Kwenye ncha za matawi hayo seli hujikusanya kama punje. Punje inapata uwazi ndani, inajikunja kama alama ya mkato, halafu inajipinda tena kuwa herufi S. Hatua hii nimeitazama kwenye hadubini mara nyingi na bado hunishangaza. Upande mmoja wa S hushikana na tawi, ndiko mkojo utakakopita. Kwenye mpindo wa upande wa pili huingia mshipa mwembamba wa damu, umevutwa na seli zilizopo hapo. Mshipa unajisokota kuwa kifundo, na seli zile zinaota miguu midogo inayoukumbatia, ikipishana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Katika nyufa za vidole hivyo maji na uchafu hupita, protini zikabaki kwenye damu. Seli hizo zikishakomaa karibu hazigawanyiki tena. Ikifa moja, ni vigumu kupata ya kuziba nafasi yake.

Figo hujengeka kama mji wetu ulivyojengeka: nyumba kongwe ziko katikati, mpya zinaota pembezoni, huko Kishiri na Buswelu. Nefroni za mwanzo ziko ndani, changa ziko ukingoni chini ya ganda. Zaidi ya nusu hutengenezwa katika miezi mitatu ya mwisho, na ujenzi hufungwa kati ya wiki ya 34 na 36. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa nazo zote. Haongezi hata moja.

Mwanao alitoka ujenzi ukiendelea. Kwa njiti, kazi huendelea nje ya tumbo kwa takriban siku 40, kisha husimama, na baadhi ya nefroni zinazoundwa huku nje hutokea na kasoro. Kwa hiyo bado yumo ndani ya arobaini yake, na siku hizi zina thamani. Apate maziwa yako, joto la kifua chako, na usafi wa kumkinga na maambukizi.

Baada ya hapo idadi haiongezeki, lakini kila nefroni inakua na mirija yake inarefuka. Hata mtoto aliyetimiza miezi, figo zake siku ya kwanza huchuja kama sehemu moja ya sita ya uwezo wa mtu mzima kwa kulinganisha maumbo yao, na huufikia karibu na umri wa miaka miwili. Njiti huanzia chini zaidi.

Hapo ndipo shida ya maji ilipo. Figo changa haziwezi kutoa haraka maji yaliyozidi. Chumvi ya damu inashuka, na mtoto anaweza kupata degedege. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji, mpaka atimize miezi sita.

Dawa ndizo zinanitia hofu zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Jentamaisini huokoa watoto wenye maambukizi, nami naitumia, lakini kwa dozi ya uzito wake na chini ya uangalizi wa hospitali. Usimnunulie dawa dukani kwa kukisia, wala usimpe mitishamba.

Mwenye nefroni chache anaweza kupata presha mapema ukubwani, kwa sababu zile zilizopo hubeba mzigo wa zile zilizokosekana. Njiti apimwe presha hata kabla ya miaka mitatu, kwa mkanda mdogo wa saizi ya mkono wake. Chukua kalamu leo uandike juu ya kadi yake ya kliniki, kwa herufi kubwa: ALIZALIWA WIKI 30. Kila daktari au nesi utakayemfikia, muonyeshe hapo kwanza.