Wasomaji Wauliza, Daktari wa Meno Ajibu: "Si Yatang'oka Tu?"

Swali: Asalaam aleikum daktari. Niko Likoni, kijana wangu ana miaka miwili na miezi miwili. Meno ya mbele ya juu yalianza na vidoa vyeupe pale karibu na fizi, sasa yamekuwa kahawia na moja limemeguka. Ya chini yako sawa kabisa. Halali bila chupa, namtilia chai ya maziwa na sukari kidogo tu. Mamamkwe aniambia nisihangaike ni meno ya utoto yatang'oka tu. Na mimi nina mimba ya miezi mitano, nikipiga mswaki natoka damu, lakini naambiwa mja mzito haguswi meno. Pia nakula udongo, ule wa kununua, nikikosa siku siskii raha. Nisaidie. — Mama K., Likoni

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu. Umeeleza mpaka ni kama namuona huyo kijana, manake ya juu kuoza na ya chini kupona ndio alama ya chupa ya usiku. Mtoto akinyonya chupa ulimi wake unayafunika meno ya chini, ile chai inabaki kuyazunguka ya juu, na akishapitiwa na usingizi mate yanapungua sana hakuna cha kuyaosha, basi bakteria wanaila ile sukari usiku kucha na kutoa asidi na asidi ndio inayotoboa jino. Kwahiyo hiyo "kidogo tu" yako mwanangu si kidogo, kwa sababu inakaa mdomoni masaa.

Mamamkwe mwambie kwa heshima zake, ni kweli ya mbele hung'oka kwenye miaka 6 au 7, lakini magego ya utoto mengine yanakaa hadi miaka 10, hata 12. Nilishaletewa kasichana ka miaka mitatu, kakipewa wali hakatafuni, kanaweka tonge shavuni kanalinyonya mpaka lilainike, mama yake anadhani mtoto mchaguzi wa chakula kumbe gego limetoboka hadi kwenye mshipa na uzito ushaanza kushuka. Roho iliniuma. Na usaha wa jino la utoto unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojengeka chini yake.

Sasa fanya hivi. Sukari itoe leo leo, halafu kila usiku ongeza maji kwenye ile chupa, baada ya wiki iwe maji matupu. Atalia, na utachoka, mwombe baba yake mpokezane. Mchana mpe kikombe, mtoto wa umri wake hana tena haja ya chupa. Kabla ya kulala mlaze kichwa kwenye mapaja yako, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole, mulika na tochi ya simu uone, kisha mpige mswaki wewe mwenyewe kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya mchele, akifika miaka mitatu iwe kama punje ya njegere. Baada ya mswaki hakuna kitu tena ila maji. Vile vidoa vyeupe vikiwahiwa kwa floraidi vinaweza kupona, lakini yakishakuwa kahawia na kumeguka mlete kwa daktari wa meno, usingoje aanze kulia.

Tuje kwako wewe, manake mdomo wa mama na wa mtoto ni kama mmoja. Ukionja uji na kijiko kisha ukamlisha nacho, bakteria wako unampa. Damu ya fizi kwa mja mzito ni jambo la kawaida, homoni za mimba zinafanya fizi zivimbe kwa uchafu mdogo tu, sasa wengi wanaogopa damu wanaacha mswaki na hapo ndio inazidi. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku. Ukitapika usikimbilie mswaki, sukutua kwanza na maji yenye kijiko cha chai cha bekin soda (sio bekin pauda), ngoja kama nusu saa. Na kutibiwa meno wakati wa mimba ni salama, hasa huu mwezi wako wa tano, hata sindano ya ganzi, wewe mwambie tu daktari una mimba ili achague dawa.

Huo udongo mara nyingi ni mwili unalilia madini ya chuma. Waambie kliniki wakupime damu, usione haya, hamko mmoja. Udongo una mayai ya minyoo na changarawe zinazovunja meno. Zile tembe za chuma na foliki usizimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini, meza na maji ya ndimu au chungwa. Kula dagaa na mifupa yake, mchicha, mbaazi, maziwa lala. Meno ya huyo wa tumboni yashaanza kujengeka sasa hivi.

Swali: Mtoto wa dada yangu ana miezi saba, anaharisha na homa. Jirani asema ni meno ya plastiki, kuna mtu wa kuyatoa. Tumpeleke? — Shangazi, Changamwe

Jibu: Msimpeleke! Nakuomba sana. Hakuna meno ya plastiki, ule uvimbe mweupe ni chonge changa iliyo ndani ya fizi. Wanaichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli, mtoto anamwaga damu, anaingiwa na vijidudu, na wengine wamekufa. Kuharisha kunatibiwa na ORS na zinki, aendelee kunyonya, na kwa kuwa ana homa mpelekeni hospitali leo.

Swali: Daktari, mabuyu ya rangi kwa mtoto wa miaka minne? — Baba wa Mji wa Kale

Jibu: Ubuyu wenyewe hauna neno, ni ile sukari inayogandia kwenye magego na mtoto anaufyonza kutwa nzima. Akila, ale baada ya chakula cha mchana, mara moja amalize, anywe maji. Si kila akipita dukani.