Barua kwa mwanangu: Landrova ipi ununue

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia salama pamoja na picha za yale magari mawili, nami nimezitazama kwa utulivu kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza ununue ipi kati ya Landrova 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) iliyoko Tanga, ambayo imekwisha kupakwa rangi mpya ya kijani, inawaka vizuri na mwenyewe anataka milioni 12, na ile 109 nyingine iliyokuwa gari la misheni kule Singida, ambayo imesimama chini ya mwembe kwa miaka mingi, haiwaki, na inauzwa kwa milioni 5. Umeuliza pia kama ni busara kushusha injini yake ya petroli na kufunga ya dizeli ya Toyota, kama wanavyokushauri wenzako hapo Dodoma. Jibu langu ni kwamba ununue ya Singida, na injini yake uiache mahali pake. Naomba usome sababu zangu hadi mwisho, kwa kuwa fedha ni zako, na atakayelala chini ya gari hilo ni wewe.

Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati ambapo chuma nchini Uingereza kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo kwa sababu ya vita, na ndiyo maana kampuni ya Rover iliamua kuunda bodi yake kwa alumini. Uamuzi huo uliotokana na dhiki ndio unaowapumbaza wanunuzi hadi leo. Mtu huona bodi haina kutu, akaamini kwamba gari zima ni zima, kumbe bodi hiyo imefungwa juu ya chasisi ya chuma, iliyoundwa kwa sahani zenye unene wa takriban milimita 2 tu, zilizochomelewa zikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Maji, tope na chumvi huingia katika uwazi huo na kukaa humo, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Siku kutu itakapoonekana kwa macho upande wa nje, kazi yake ndani imekwisha zamani.

Sasa fikiria gari lililofanya kazi Tanga, kwenye mashamba ya mkonge na barabara za karibu na bahari, likipigwa na hewa ya chumvi mwaka baada ya mwaka, halafu ufikirie lile lililokaa Singida kwenye ukame. Sisemi kwamba kila Landrova ya pwani imeoza, wala kwamba kila ya bara ni nzima, lakini katika miaka yote niliyouza spea hapa dukani Arusha, waliokuja kulalamika kuhusu chasisi wengi wao walikuwa wamenunua magari ya pwani yaliyopakwa rangi. Mteja wangu mmoja alileta 88 yake, ile Landrova fupi, aliyoinunua ikiwa inang'aa, akitaka kubadilishiwa springi za nyuma tu. Fundi alipoweka jeki chini ya chasisi na kuanza kuinua, gari halikupanda. Kichwa cha jeki ndicho kilichozama ndani ya chuma, na kutu ikamwagika sakafuni kwa mapande. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini ya gari ilikuwa ndiyo iliyokuwa ikishikilia umbo. Katika picha zako za Tanga nimeona rangi nyeusi ya namna hiyo hiyo, mbichi, imepita hata juu ya bolti na mipira ya breki. Fundi aliyetengeneza gari kwa ajili ya kulitumia hapaki rangi juu ya mipira ya breki.

Utakapokwenda Singida, chukua nyundo ndogo, bisibisi na tochi, uvae nguo za kazi, uingie chini. Gonga chasisi taratibu kuanzia mbele, pale masikio ya springi yanaposhikwa, ukienda nyuma hadi kwenye boriti ya mwisho inayobeba ndoano ya kuvutia. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo inarudi mkononi. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi ukiisukuma pale inaingia. Usiache mikono inayotokeza pembeni mwa chasisi kushika bodi, maana tope hulala juu yake. Kisha ondoa mazulia yote ya mbele utazame mahali pa kukanyagia miguu na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Watu wengi husahau kwamba ukuta huo si alumini, na kuutengeneza ni kazi ngumu kuliko chasisi yenyewe, kwa sababu milango, kioo cha mbele na usukani vyote vimejipangia juu yake. Ukipinda kidogo wakati wa kuchomelea, mlango hautafunga sawasawa tena. Chini ya milango utakuta unga mweupe pale alumini inapokutana na fremu ya chuma. Huo usikutishe, kwani metali mbili hizo zikigusana penye unyevu ndivyo zinavyoshindana, na mlango ni kitu cha kufungua bolti chache na kubadilisha.

Kabla ya hayo yote kuna suala la kadi ya usajili wa gari, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma upande wa kulia mbele, karibu na sikio la springi. Isugue kwa msasa laini mpaka isomeke, uilinganishe na kadi, ufanye hivyo hivyo kwa namba ya injini. Kwa kuwa gari lilikuwa la misheni, huenda kadi iko kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa na si la padri au mchungaji unayezungumza naye, hata kama yeye ndiye anayeshika funguo. Mtu huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado asiwe na mamlaka ya kukuuzia. Omba barua ya Wadhamini yenye muhuri, inayotaja namba hizo mbili, na kama gari bado lina namba za mtindo wa zamani, nenda ukaulize Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kulipa hata senti moja. Nimeona gari lililotengenezwa kwa mapenzi makubwa likikaa uani kwa sababu mmiliki wa karatasi hakupatikana.

Nije kwenye injini. Kwa maelezo yako, na kwa dashibodi ninayoiona kwenye picha ikiwa mbele ya dereva badala ya katikati, hiyo ni Series III, ambayo ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na injini yake ni ile ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Si injini ya mbio. Inakunywa lita moja kwa kila kilometa 5 au 6, na mwendo wake wa raha ni kilometa 80 kwa saa, basi. Wanaokushauri kufunga dizeli hawasemi uongo kuhusu mafuta, na Landrova zinazobeba abiria na mizigo kutwa kucha zimefungwa injini za Toyota na Isuzu kwa sababu ya msingi kabisa, kwamba mwenye gari anaishi kwa hilo gari. Wewe umeniandikia kwamba unaitaka kwa safari za mwisho wa wiki, Kondoa na Kolo kwenye michoro ya mapangoni, na kwa kuwabeba watoto wako. Kwa matumizi hayo, mafuta utakayookoa hayatalipa gharama ya mageuzi. Tena fundi atalazimika kukata na kuchomelea vishikizo vipya kwenye chasisi, uzito wa mbele utaongezeka na kulaza springi, na giaboksi ambayo haikuundwa kwa nguvu hiyo ndiyo itakayoumia kwanza. Difu zake, yaani gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni, zina uwiano wa 4.7 kwa 1, zimepangwa kwa ajili ya injini inayozunguka kwa kasi ya petroli. Ukiweka dizeli ya polepole utafika mwisho wa gia mapema, kelele ikiwa nyingi na mwendo mdogo. Hapo watakwambia ubadilishe na difu, kisha giaboksi, na mwisho utakuwa na gari ambalo hakuna kitabu cha ufundi kinacholieleza.

Kusema kwamba haiwaki si kusema kwamba imekufa. Toa plagi zote nne, mimina kiasi kidogo cha oili kwenye kila silinda, uiache ilale siku kadhaa, halafu uizungushe kwa hendeli ya mbele. Landrova hizi bado zina tundu la hendeli, na ni zawadi kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu mkono husema kweli. Ikianza kuzunguka, rudisha plagi na uzungushe tena polepole: katika mizunguko miwili kamili utahisi mkono ukigomewa mara nne, mara moja kwa kila silinda. Kama migomo yote ni sawa, hata kama ni dhaifu, injini hiyo inastahili kufunguliwa na kuwekewa ringi na sili mpya. Kama mmoja haupo kabisa, punguza bei kwa gharama ya kukereza silinda hedi, lakini usilikimbie gari kwa sababu hiyo.

Kuhusu mpangilio wa kazi nitasema machache, kwa kuwa tutazungumza zaidi likishafika. Anza na chasisi na breki. Rangi iwe ya mwisho, hata wenzako wakikucheka kwamba unaendesha gari la madoa. Panapohitaji kuchomelewa, patiwe sahani ya chuma yenye unene ule ule wa asili, si bati la kuezekea, na matundu madogo yaliyo chini ya chasisi yabaki wazi ili maji yapate njia ya kutoka. Kazi ikikauka, puliza oili chafu ndani ya boksi lote kwa kompresa. Ni ya bei rahisi, na humo ndani haimkeri mtu. Breki ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na baada ya kusimama muda huo wote silinda zake ndogo zitakuwa zimekwama, kwa hiyo nunua mpya zote pamoja na mipira yake. Hapo usiniombe bei ya vile vya pakiti zisizo na jina vinavyouzwa mitaani, kwa maana sitakubali uwapakie wajukuu wangu kwenye gari lenye breki za namna hiyo. Vitu vinavyotoka, kama taa, vibao, viti na hata bolti ndefu za milango, viweke kwenye mifuko yenye maandishi, wala usimruhusu fundi achukue "vya zamani" kama malipo ya pembeni.

Jambo moja la mwisho kuhusu safari. Usikubali livutwe kwa kamba kutoka Singida hadi Dodoma, hata wakikuhakikishia kwamba magurudumu yanazunguka. Sili zilizokauka huvujisha oili, na giaboksi na difu zikizungushwa zikiwa kavu kwa umbali ule zitakuwa zimeharibika kabla hujafika Manyoni. Kodi lori, walipandishe kwa winchi, wafunge ekseli na si bodi. Ukipata barua ya Wadhamini, nitumie picha yake pamoja na picha ya namba ya chasisi baada ya kuisugua, nami nitamwomba fundi wetu apande basi aje mkague pamoja kabla hujatoa fedha.

Wasalimie watoto na baba yao.

Mama yako,
Arusha